Rangi ya Kucha Kwenye Bolti ya Oili

Neema, ambaye sasa ndiye mkuu wa gereji yetu ya mtaa wa Pasua, ameninunulia daftari kubwa na kalamu mbili, akaniambia niandike yale niliyoyaona kazini ili mafundi vijana wasome. Nashuku anachotaka hasa ni niache kwenda pale kila asubuhi kukaa kwenye kiti cha plastiki na kuwatazama wanavyokaza nati. Huenda namkosea. Nimekosea mara nyingi katika kushuku, na mara moja nilikosea vibaya, na hiyo ndiyo nitakayoiandika kwa urefu. Mambo ya nani alinipandisha cheo na lini hayamsaidii mtu kufungua injini, kwa hiyo nayaacha. Nimestaafu kwa sababu ya magoti, basi.

Mimi ni Eliasi, mtoto wa Marangu. Nilishuka mjini kabla sijaota masharubu, nikapelekwa kwa Mzee Rajabu, fundi wa injini aliyezaliwa Pasua na kufia Pasua. Siku ya kwanza hakunipa spana. Alipanga mezani vifuniko vitano vya chupa, kila kimoja kina matone machache, akaniambia ninuse, nisugue kati ya vidole, kisha nimwambie ipi ni oili nzima, ipi imeungua, ipi ina petroli, ipi imeingia maji na ipi si oili ya injini kabisa. Nilipata mbili. Cha tano nilisema ni oili nzima, tena nilisema kwa sauti. Kumbe ni mafuta ya kupikia ya mkewe.

"Umetumia macho," Mzee Rajabu aliniambia. "Macho yanaona unachokitaka. Pua haina rafiki."

Nilikaa na vifuniko vile karibu mwezi mzima. Wenzangu wa Marangu walioanza kubeba mizigo ya wageni mlimani walikuwa wanarudi na mabuti mapya, mimi nanusa oili. Lakini baada ya hapo hakuna muuzaji aliyewahi kuniuzia chupa iliyojazwa upya. Nilikuwa nafungua kifuniko palepale dukani, nanusa, narudisha, natoka. Kuna duka moja walikuwa wakiniona naingia wanaanza kupanga upya rafu ambazo tayari zimepangika.

Fundisho lake la pili lilikuwa hili: "Chuma kwanza, mtu mwisho. Chuma ukikishuku bure hakikasiriki." Alikuwa na maana kwamba gari likiwa na shida, usikimbilie kumlaumu dereva, mlinzi au fundi aliyekutangulia. Maliza kwanza kila kipande cha chuma na kila mpira. Nilikubali kwa kichwa. Ukweli ni kwamba sehemu ya kushuku niliishika sawasawa, ila mpangilio wake ukanitoka polepole kadiri umri ulivyokwenda, nami nikadhani ndio uzoefu.

Maana watu wanadanganya. Dereva wa lori anakuambia gari lilichemka mara moja tu, na silinda hedi imepinda kama kipande cha ndizi iliyokaushwa. Mwenye gari anasema hajalipeleka kwa mtu mwingine, na nati zina alama za spana isiyo saizi yake. Ndiyo maana nikaanza utaratibu wangu wa rangi ya kucha. Nilikuwa nikifunga kitu cha maana, naweka tone la rangi nyekundu nusu kwenye bolti, nusu kwenye bodi ya injini. Mtu akiigusa, tone linapasuka, nami najua. Chupa ya kwanza niliichukua kwenye meza ya mke wangu. Hakuuliza kitu. Alinunua nyingine akaifungia kabatini, kwa sababu na yeye ni mtu wa kushuku, ndiyo maana tumeishi vizuri.

Sasa nije kwenye gari la Mwika.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Mwezi wa kumi alikuja gereji mtu wa makamo, Godlisten, mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyekuja nyumbani kwao Mwika kwa msiba wa jirani. Alikuja na gari la spoti la milango miwili, silinda sita, jekundu lililofifia, lililomzidi Neema umri. Baba yao alilinunua kwa mgeni aliyekuwa anaondoka nchini, akalitunza hadi alipofariki, miaka kadhaa kabla ya hapo. Kama ilivyo desturi yetu, nyumba na kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, vilibaki kwa kitindamimba, anayeitwa Elinami. Gari liliachwa kwa Godlisten, ambaye ndiye mkubwa, lakini likae palepale nyumbani ili Elinami ampeleke mama yao hospitali mjini kila wiki kwa mazoezi ya miguu.

"Shikamoo fundi," Godlisten alisema, akanipa ufunguo. "Hili gari linakula oili. Au kuna mtu anaila."

"Marahaba. Linapunguza kiasi gani?"

"Zaidi ya lita kwa mwezi. Lakini sikiliza, fundi, hapo ndipo pananikera. Nikiendesha mimi, haipungui. Juzi nimetoka nalo Mwika, nimezunguka nalo siku nne za msiba, kipimo kiko palepale. Nikiondoka, nikamwachia mdogo wangu, wiki nne tu naambiwa oili imeisha, nitume nyingine. Ninatuma galoni, inaisha. Sasa injini inajua nani ameshika usukani?"

Nilicheka. Na kusema kweli, nilipocheka tu nilikuwa nimeshachagua upande.

Kazi yenyewe niliifanya kwa haki, angalau ile ya spana. Nililiacha juu ya maboksi meupe siku nzima. Hapakuwa na tone. Nilipima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, silinda zote sita, zikatoka karibu sawa. Nikatia oili kidogo juu ya pistoni, nikapima tena, namba hazikupanda. Maana yake ringi za pistoni ni nzima, kwa kuwa ringi zikiwa zimechoka, ile oili inaziba pengo na namba zinapanda. Plagi zilikuwa na weusi kidogo, si wa kutisha. Kisha nikaliendesha siku mbili kwenye barabara tambarare ya kwenda mashamba ya miwa, kwenda na kurudi, mpaka tako likafa ganzi. Oili ilishuka unene wa ukucha. Gari la umri ule lina haki ya kiasi hicho.

Asubuhi ya siku ya pili nilipoliwasha lilitoa wingu dogo la bluu, rangi ya oili inayoungua, likapotea. Nililiona. Nikasema moyoni, gari zee, nani asiyekohoa akiamka. Hapo Mzee Rajabu angenipiga kofi la kisogo.

Nilijaza oili hadi alama ya juu, nikaweka tone langu jekundu kwenye bolti ya kumwagia oili, nikamrudishia Godlisten gari lake. Tulikubaliana asimwambie mtu. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja ningepanda Mwika kuangalia.

Nilipanda, nikijidai naangalia breki. Elinami alinipokea getini, mtu mwembamba, mpole, amejaa madoa ya utomvu wa migomba. Alinitengenezea kiti kwenye baraza, akamwita mama yake aje kunisalimia. Mama yule alikuja na fimbo yake, anatembea vizuri kuliko nilivyotarajia, akasema mazoezi ya hospitali yamemsaidia, sasa anafika hadi kanisani bila kushikwa. Walinipa machalari ya moto, ndizi zilizopikwa na nyama. Nililala chini ya gari nikiwa nimeshiba chakula chao.

Oili ilikuwa chini ya alama ya chini. Tone langu jekundu lilikuwa zima, halina hata ufa.

Fundi mwenye akili angesimama hapo. Bolti haijafunguliwa, oili haipo, kwa hiyo imepita kwenye injini. Mimi nilifikiri kwa dakika moja tu nikapata jibu jingine: mtu anaweza kuingiza mpira mwembamba kwenye tundu la kipimo na kuinyonya. Na bolti yangu, badala ya kumtetea Elinami, ikawa ushahidi kwamba ni mjanja. Mtu anayetaka kushuku hakosi ushahidi, hata usipokuwepo anautengeneza.

Nikageuza shingo, nikaiona mashine ya kumenyea kahawa karibu na zizi. Meno ya gia zake yalikuwa yanang'aa kwa mafuta safi, ya dhahabu, yanachuruzika.

"Unaitunza sana mashine," nilimwambia.

"Bila mafuta inalia, fundi. Majirani wote wanamenyea hapa."

"Mafuta gani unatia?"

"Haya haya ya kawaida," alisema, akaenda kumfungulia mama yake bomba la maji.

Mafuta ya kawaida. Nilisimama hatua tatu kutoka kwenye ile mashine. Sikunusa, sikugusa. Nilikuwa nimetosheka na macho. Siku ileile, nikiwa bado niko Himo njiani kurudi, nilimpigia Godlisten simu, nikamweleza habari ya mpira na ya gia za mashine, nikamalizia kwa maneno ambayo bado nayasikia: "Injini haili oili. Tafuta mtu."

Yaliyofuata nilisimuliwa. Siku ya tatu baada ya Krismasi, ukoo ulipokuwa umejaa nyumbani kama ilivyo kila Desemba, wakubwa walikaa kwenye kikao. Godlisten alisimama akasema fundi mzoefu wa mjini amepima kwa vipimo vyote, injini haili oili, na oili imekuwa ikinyonywa na kugawiwa majirani kwenye mashine ya kahawa. Elinami alikana. Aliulizwa kama yeye anajua injini kuliko fundi. Akanyang'anywa ufunguo mbele ya shangazi, wajomba na watoto wa kaka zake. Ilisemwa pia kwamba asiyeweza kutunza oili hawezi kutunza mama, kwa hiyo mama ajiandae kuhamia Dar baada ya Pasaka.

Mama yao alijibu kitu kimoja tu. Alisema kama mwanawe ni mwizi, basi na yeye amekuwa akipakiwa kwenye wizi kila wiki, na hatapanda gari lolote tena kwenda hospitali. Na kweli hakwenda. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano.

Mwezi wa pili Godlisten alinipigia kwamba nikalichukue gari na kulihifadhi gereji mpaka apate mteja. Nilikwenda na Neema kwa pikapu yetu. Elinami hakutoka ndani. Mama alikuwa amekaa barazani, fimbo mbili sasa badala ya moja, na nilipomsalimia aliitikia akiangalia migomba. Nililikagua gari kama ninavyokagua kila kitu: nikajaza oili mpaka juu, nikapiga picha kipimo kwa simu, nikamwita Neema ashuhudie. Nilikuwa najilinda. Nilitaka nikifika mjini mtu asije akasema fundi naye amenyonya.

Nikaendesha mimi, Neema akanifuata nyuma. Wanaoijua ile barabara wanajua kwamba kutoka Mwika unapita Marangu Mtoni, kisha unaanza kuteremka mpaka Himo, mteremko ambao hauna haraka ya kuisha. Nilishuka kama nilivyofundishwa: gia ya pili, mguu umetoka kwenye mafuta, injini ndiyo inazuia gari, breki unazigusa tu kwenye kona. Hiyo ndiyo heshima ya mlima.

Tulipofika chini Himo nilikanyaga mafuta ili niingie barabara kuu. Nikaona kwenye kioo pikapu ya Neema haipo. Kulikuwa na wingu la bluu, zito, na ndani yake honi inalia. Nikaegesha pembeni. Neema alitokea anakohoa, kioo amekishusha.

"Fundi, umeua mbu wote wa wilaya," alisema.

"Limeanza wapi?"

"Kila ulipokanyaga mafuta baada ya kushuka. Kidogo kidogo kule juu, hapa ndiyo limemwaga yote."

Akina mama wanaouza ndizi pale njia panda walikuwa wanajipepea kwa khanga. Mmoja akanijia. "Leo umeliendesha wewe? Siku zote ni yule kijana na mama yake. Kila wiki linatufukiza hapa, sisi tumeshalizoea. Tukasema labda limekufa, wiki nyingi halijapita."

Nilimuuliza kama kuna siku linapita bila kutoa moshi. Akatupia khanga begani. "Akiendesha yule wa Dar. Yeye anashuka kimya kimya hata injini huisikii. Siku moja nusura aingie kwenye ndizi zangu."

Nilifungua boneti. Nilisubiri oili ishuke, nikapangusa kipimo, nikachovya. Ilikuwa imepungua, tena si kwa unene wa ukucha. Tangu Mwika hakuna mtu mwingine aliyeligusa gari lile. Safari hii mtuhumiwa alikuwa mmoja, na alikuwa mimi.

Nitaeleza kwa faida yenu vijana, maana hamtalipata kwenye ile mashine yenu ya kuchomeka waya. Kwenye kila valvu, ule mlango mdogo wa juu ya silinda, kuna sili ndogo ya mpira inayozuia oili ya juu isiteremke ndani ya silinda. Mpira ule ukizeeka unakuwa mgumu, unaacha upenyo. Kwenye tambarare upenyo huo hausumbui sana. Lakini ukishuka mlima kwa gia ndogo, mguu umetoka kwenye mafuta, injini inazunguka kwa nguvu huku mlango wa hewa umefungwa. Inavuta, haipati hewa, basi inavuta oili kupitia kwenye valvu. Ukikanyaga mafuta chini ya mlima, ile oili yote inaungua kwa pamoja. Kompresheni haiwezi kukuonyesha hilo, wala boksi jeupe, wala barabara ya miwa.

Godlisten alikuwa anashuka na nyutro, gia ameitoa kabisa, ili kuokoa petroli, kama madereva wengi wa siku hizi wasiojali roho zao. Injini inanguruma polepole, haivuti kitu, oili inabaki. Elinami alikuwa anashuka kwa gia kama baba yake alivyomfundisha, kwa sababu pembeni yake amekaa mama. Oili ilikuwa inapungua kwa yule anayeendesha vizuri. Na mimi, ninayeendesha kama yeye, nililipeleka gari la mlimani kwenda kulipima kwenye miwa.

"Tumpigie simu mwenye gari?" Neema aliuliza.

Nilimpigia palepale. Godlisten alisikiliza, kisha akasema, "Sawa, fundi, basi badilisha hizo sili liuzike. Mambo ya nyumbani yameshaisha." Nikamwambia hayajaisha. Akasema yuko kwenye kikao.

Usingizi ulinikataa siku hizo. Niliona aibu, na aibu ya uzeeni haina pa kukaa. Jumamosi nilipanda Marangu kwenye kihamba cha baba yangu, nikakata jani la isale kwenye mpaka, nikalifunga fundo. Kwa wasio wa kwetu, isale ndilo jani tunalompelekea mtu tuliyemkosea, na anayepelekewa halikatai, hata kama moyo wake umekunjamana. Nikaenda nalo Mwika.

Elinami alikuwa anamenya kahawa ya mwisho wa msimu. Nilimwambia kila kitu nimesimama: simu niliyompigia kaka yake, rangi ya kucha, ule mpira niliouwaza, na gia za mashine. Aliposikia kwamba habari ya gia ilitoka kwangu, alisimamisha mkono.

"Meku," alisema, yaani mzee, kwa heshima ileile ya siku zote, "wewe ni mtu wa Marangu. Nani anatia oili ya gari kwenye mashine ya kahawa? Kahawa si itanuka, ikataliwe yote?"

Alinisogezea kidole chake kilichotoka kwenye gia. Nikanusa. Alizeti. Kifuniko cha tano cha Mzee Rajabu, baada ya miaka yote ile. Hata mtoto wa darasa la kwanza wa huku anajua kahawa haikai karibu na oili ya injini. Nami nilikua nikizungusha mashine kama ile, mikono yangu mwenyewe ikinukia alizeti.

Nilimpa jani kwa mikono miwili. Aligusa fundo kwa kidole, akalipokea.

"Nimelipokea, kwa sababu jani halikataliwi," alisema. "Lakini uliniita mwizi mbele ya ukoo mzima."

"Sikuwepo, mwanangu."

"Neno lako lilikuwepo. Sasa hilo jani limenifikia mimi peke yangu. Na mama anasikiliza huko ndani, hajavuka geti tangu Krismasi. Baada ya Pasaka anapelekwa."

Nikajua kazi yangu bado. Nilirudi mjini, nikamwambia Neema asiguse gari lile hata kwa kitambaa. Sili zile mbovu ndizo zilikuwa shahidi.

Pasaka ukoo ukarudi. Nilipanda nalo asubuhi ya Jumatatu, Neema na pikapu nyuma yangu. Kikao kilikuwa kimeshaanza, cha kupanga safari ya mama. Niliomba dakika moja, mgeni na mzee, hawakuweza kunikatalia. Nikasema mimi ndiye fundi niliyesema injini haili oili, na nilisema uongo bila kujua, na ningeomba wanifuate mpaka Himo. Godlisten alisema hakuna haja. Shangazi yao mmoja akasema, "Mwezi wa kumi na mbili ulikuwa na haja sana."

Tukamweka Elinami kwenye usukani na mimi pembeni yake. Godlisten alipanda pikapu mbele na Neema, shangazi na wajomba wawili wakakaa nyuma. Kabla ya kuondoka niliwaonyesha kipimo cha oili mmoja mmoja. Elinami alishuka kwa gia ya pili. Mikono yake ilikuwa imekamata usukani kwa nguvu, nami nilijua anaogopa nini: kwamba leo, siku ya leo tu, gari litakataa kutoa moshi. Nilikuwa naogopa hivyohivyo. Nimewahi kuona magari yakipona mbele ya fundi.

Halikupona. Tulipofika chini, Elinami akakanyaga mafuta, na pikapu yote ikapotea na ukoo wake ndani. Tulipoegesha, wajomba walikuwa wanapangusa macho kwa makoti ya Pasaka. Nilitoa kipimo nikampa Godlisten akishike mwenyewe. Wale akina mama wa ndizi walimwambia na yao bila kuulizwa, pamoja na ile ya kushuka kimya kimya na kutaka kuwagonga.

Godlisten alisimama na kile kipimo mkononi, oili inamdondokea kwenye kiatu. "Baba alikuwa ananikataza kushuka na nyutro," alisema mwishowe. Hakumwambia mtu maalumu.

Tuliporudi juu hakuingia ndani. Alikwenda kwenye masale yaliyozunguka kaburi la baba yao, akakata jani, akalifunga fundo vibaya, mtu wa Dar, ikabidi shangazi alifungue alifunge upya. Kaka mkubwa akamwinamia kitindamimba, na mimi niliangalia pembeni, maana mambo mengine si ya fundi. Elinami alilipokea. Ufunguo alipewa palepale, na safari ya Dar haikutajwa tena. Mama alitoka na fimbo zake mbili, akauliza hospitali wanafungua lini baada ya sikukuu.

Nilibadilisha sili zote na kurekebisha njia za valvu mwenyewe, kazi yangu ya mwisho kubwa, magoti yakilia. Sili zile kuukuu zilikuwa ngumu, ukizibana kwa vidole zinavunjika. Gari likashuka mlima wote kwa gia ya pili bila hata uzi wa bluu.

Elinami alikuja kulichukua. Alinisalimia shikamoo, akaniletea mkungu wa ndizi kutoka kwa mama yake, akaulizia magoti yangu. Alisikiliza nilipoliwasha, akatabasamu. Kisha akatoa mfukoni chupa ndogo, akatandika boksi chini, akalala chali chini ya gari. Nilipoinama kuangalia, alikuwa anaweka tone jekundu, taratibu, nusu kwenye bolti, nusu kwenye bodi. Akaingiza mkono juu, akaweka jingine kwenye tundu la kipimo.

"Hiyo ya nini tena?" nilimuuliza. "Si tumeshapatana?"

"Tumepatana, meku," alisema kutoka chini ya gari. "Hii ni ili siku nyingine usinishuku bure."

Bado analeta gari pale gereji kila baada ya miezi mitatu, kumwaga oili. Mimi huwa nipo kwenye kiti changu cha plastiki. Ananiamkia vizuri, ananipa habari za mama, ambaye sasa anatumia fimbo moja. Kisha analala chini ya gari na kuangalia rangi yake, na akishahakikisha ni nzima, ndipo anampa Neema ufunguo.